Koti la Posa

Rukaiya alisikia gari likizima nje, na moyo wake ukaanza kumpiga mpaka masikioni.

"Wamefika," Pendo alinong'ona, jicho amelibana kwenye upenyo wa pazia. Pendo alikuwa binti wa mjomba wake, amekuja tangu jana kusaidia mapishi. "Na huyo wako... mama yangu! Njoo uone koti."

Binti anayeposwa hakutakiwa kuchungulia. Alitakiwa akae chumbani, atulie, asubiri kuitwa. Lakini Rukaiya alimsukuma Pendo kwa bega akachungulia.

Ashiru alikuwa anashuka garini. Ilikuwa Julai, na baridi ya Newala ilikuwa inakata masikio, watu wamejifunika kanga na masweta yaliyochakaa. Yeye alivaa koti zito la buluu lililomkaa mabegani kama ngozi yake mwenyewe. Shati jeupe. Viatu vyeusi vinang'aa juu ya mchanga mwekundu, na alitembea kwa uangalifu asivichafue. Akainua uso kidogo, akatazama dirisha lile hasa, kana kwamba alijua. Rukaiya akarudi nyuma, mkono kifuani, bangili zikamlia mkononi.

"Huyu si mume, hii ni sikukuu," Pendo akasema.

Walikutana kwenye arusi moja Chidya, mwaka uliopita. Tangu siku hiyo Ashiru alikuwa akipanda Newala kutoka Masasi kila alipopata nafasi, na hakuna aliyewahi kumwona amevaa nguo ileile mara mbili. Mama yake Rukaiya, aliyekuwa mkali mwanzoni, ndiye aliyelainika wa kwanza. "Kijana wa Mnyambe?" alikuwa akisema kabla hajamwona. "Watu wa Mnyambe nawajua. Mikorosho ya kurithi na maneno mengi." Baada ya kumwona mara mbili tatu, wimbo ulibadilika. "Mtu mwenye nguo zile hawezi kukulaza njaa, mwanangu."

Baba yake, Mzee Mahmudu, yeye aliuliza swali moja tu. "Kazi yake nini?"

"Ana biashara ya nguo, baba. Masasi."

Ndivyo alivyoelewa Rukaiya. Ashiru mwenyewe alikuwa amemwambia, "Nashughulika na nguo," akacheka, wakahamia mazungumzo mengine. Rukaiya alikuwa mwalimu wa chekechea, anashinda na watoto wenye kamasi na chaki. Kumwuliza zaidi mwanaume anayevaa vile aliona ni kama kumpekua mifuko.

Sebuleni wageni walikaribishwa. Ashiru alikuja na mjomba wake, Mzee Sharifu, ndiye mwenye kusema kwa niaba yake. Mzee alikuwa na kofia ya kufuma na sauti ya kujiamini. Salamu zikapita, habari za baridi zikapita, habari za mikorosho iliyoanza kutoa maua nazo zikapita. Lakini posa haikuweza kuanza. Mjomba wake Rukaiya, Sultani, kaka wa mama yake na baba yake Pendo, alikuwa hajafika, na katika ukoo ule binti haposwi mjomba akiwa hayupo.

Sultani alikuwa na malori ya kubeba korosho na mashine ya kukoboa huko Masasi. Ukoo mzima ulimtegemea. Alikuwa ameondoka alfajiri, lakini hakuna aliyejua yuko wapi.

Akaja kwa mlango wa uani. Rukaiya alimsikia kupitia dirisha la nyuma, anaongea na mama yake jikoni.

"Kaka, ndiyo umekuja hivyo?" mama alikuwa anauliza kwa kunong'ona, sauti ya kulia. "Leo? Mbele za watu?"

"Nifanyeje, dada? Tairi lilipasuka njiani, nimelala chini ya gari. Koti langu lenyewe dobi kamwambia dereva halijakauka. Na baridi hii! Nimekuja kusema, sikuja kuonyesha nguo."

Rukaiya akachungulia upande huo, akabana kicheko. Mjomba Sultani alivaa shati lililopauka, kifungo kimoja hakipo, suruali ina mafuta ya gari gotini, miguuni kandambili. Akanawa uso, akasogea mlango wa sebuleni, akasimama pale akiwatazama wageni kwa tabasamu.

Mzee Sharifu akageuka. Akamwona mtu mwenye kandambili amesimama mlangoni.

"Ndugu yangu," akasema kwa upole wa mtu mkubwa, "hebu tuletee maji tunawe mikono. Tumetoka mbali."

Jikoni mama akashika kichwa. Mzee Mahmudu akafungua mdomo aseme, lakini Sultani alimkonyeza anyamaze. Alikuwa mtu wa utani tangu ujana wake. Akachukua birika na beseni kwa mama, akaingia sebuleni, akapiga goti.

"Karibuni, wakubwa," akasema.

"Pendo," Rukaiya akanong'ona, "baba yako anafanya nini?"

"Anacheza. Muache, utaona watakavyoona haya baadaye."

Akamnawisha Mzee Sharifu kwanza. Kisha akamgeukia Ashiru. Ashiru akanyoosha mikono, na ili mkono wa koti usilowe akaukunja nyuma kidogo. Bitana ikatokeza. Haikuwa bitana ya kawaida. Kilikuwa kipande cha kitenge cha kijani chenye ndege wa njano, kimeshonwa kwa mkono, nyuzi kubwakubwa.

Maji yakaendelea kumiminika. Yakajaza beseni, yakapita, yakamwagika juu ya zulia jekundu. Sultani hakuona. Alikuwa anatazama kitenge.

"Mzee, maji," Ashiru akasema kwa sauti ndogo.

Sultani akaweka birika chini. "Koti zuri, bwana mdogo."

"Ahsante, mzee."

"Umelishonesha wapi?"

Ashiru akasita. "Masasi."

"Na hiki kitenge cha ndani?"

"Fundi... fundi alipenda kukiweka."

"Fundi gani?"

Pendo, aliyekuwa akicheka nyuma ya pazia, aliacha kucheka. Alikuwa amekiona kile kitenge. Rukaiya akasikia vidole vya binamu yake vikimkaba mkono.

"Nitakutajia mimi," Sultani akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini, wala haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililotisha. "Fundi huyo anaitwa Furaha. Panya walitafuna bitana ya koti hili, akakata kitenge chake mwenyewe akalishona, anaumwa, amekaa kitandani. Nilimzika mwaka jana, mwezi wa Ramadhani. Alikuwa mke wangu."

Mzee Sharifu akamtazama Ashiru, akamtazama mwenye kandambili, akamtazama Mzee Mahmudu. "Samahani, mwenyeji wangu. Huyu bwana... ni nani?"

"Huyo ni Sultani," Mzee Mahmudu akajibu. "Mjomba wa binti. Ndiye tuliyekuwa tunamsubiri."

"Mungu wangu!" Mzee Sharifu akaruka kitini, kofia ikamdondoka. "Nimemtuma maji! Mjomba mtu nimemtuma maji!" Akamshika Sultani mikono yote miwili, ingali imelowa, hajui aombe radhi kwa lipi kwanza. Kisha akamgeukia mpwa wake. "Ashiru! Sema kitu! Koti la watu limefikaje mwilini mwako?"

Ashiru alikuwa amesimama. Akavua koti polepole, akaligeuza, akalaza mikono ya koti nyuma, akalikunja mara moja, mara ya pili, likawa limenyooka bila kikunjo kwa namna ambayo hakuna mwanaume aliye sebuleni mle angeweza. Akalishika kwa mikono miwili akamkabidhi mwenyewe.

"Mimi ni dobi, mzee," akasema. "Koti lako lililetwa kwangu na dereva. Lilikuwa limekauka tangu juzi."

Rukaiya alisikia neno hilo, dobi, likipita kwenye pazia. Halikuwa tusi. Baba yake mwenyewe aliwahi kuuza mkaa. Lakini mara moja aliziona nguo zote: suti ya kijivu ya Chidya, shati la mistari la Idi, ile kaunda suti ya kijani aliyompigia picha akaiweka kwenye simu yake. Zote zikampita mbele ya macho, na ndani ya kila moja alimwona mtu asiyemjua.

Jikoni sufuria ilianguka. "Dobi?" mama akasema. "Dobi!"

Mzee Sharifu alibaki ndani akiomba radhi. Ashiru akatoka peke yake, akalipita gari walilokuja nalo, la rafiki yake, akashika njia ya barabarani kwa miguu.

Rukaiya hakukumbuka baadaye alipitaje uani. Alikumbuka tu mama akimwita na yeye haitiki. Akamkuta kwenye mpaka wa shamba la jirani, upepo unamvuma shati.

"Simama, Ashiru."

Akasimama. Hakugeuka.

"Nigeukie."

Akageuka. Macho yalikuwa mekundu.

"Na hilo shati?"

"Rukaiya..."

"Nakuuliza. Shati la nani?"

"La mteja. Karani mmoja."

"Viatu?"

"Vya mteja pia. Huwa nang'arisha na viatu."

"Suruali?"

Akatikisa kichwa.

"Sasa chako ni nini, Ashiru? Niambie. Katika vyote nilivyoviona mwaka mzima, chako ni kipi?"

Akafikiri kweli, kama mtoto anayeulizwa hesabu. "Soksi," akasema. "Na fulana ya ndani."

Kicheko kilimpanda Rukaiya kooni, kikageuka kilio kabla hakijatoka. Akampiga kifuani kwa ngumi, mara moja, bila nguvu.

"Kwa nini? Ungesema dobi ningekufanya nini?"

"Siku ile Chidya suruali yangu ilikuwa imechanika. Nikachukua suti ya mtu, nikasema nitairudisha jioni, hakuna atakayejua. Wewe ukanitazama. Hakuna mwanamke aliyewahi kunitazama vile. Nikajua umeitazama suti. Sasa nije kesho yake na lile shati langu moja? Nikaogopa. Kila nikija nikawa naogopa zaidi."

"Suti?" Rukaiya akafuta machozi kwa upande wa mkono. "Unajua mimi suti ile niliiona lini? Kwenye picha, baadaye. Siku ile ulikuwa umempakata mtoto wa watu aliyekuwa analia, ili mama yake apate kula. Umekaa pembeni, wali wako unapoa, unamwimbia. Hicho ndicho nilichokitazama."

Ashiru akamkodolea macho.

"Mwaka mzima," Rukaiya akasema, "umemvalisha mtu ambaye sikumwomba. Na leo umemdanganya mjomba wangu juu ya kazi ya mikono ya mkewe marehemu. Uliulizwa kwa upole, ukadanganya. Nenda."

"Rukaiya, nakupenda."

"Nenda, Ashiru."

Aliporudi nyumbani wageni walikuwa wameondoka. Mama alikuwa amekaa jikoni mbele ya pilau ambalo hakuna aliyeligusa, analalamika peke yake kwamba ataonekana vipi, kwamba majirani watasema nini.

Majirani hawakukawia. Wa kwanza alikuwa Mama Yuliana, alikuja kuchukua zulia lake. Akakuta limelowa, akaguna, akalikunja akaondoka nalo. Wa pili alikuja kuchukua vikombe na chupa kubwa ya chai. Viti vikatoka, vikarudi msikitini. Sebule ikabaki na mkeka wao wa siku zote na kochi moja lenye mguu wa tofali. Rukaiya alisimama katikati akiangalia vitu vinavyotoka, na kila kimoja kilimshtua kana kwamba hakujua. Kweli hakujua. Tangu asubuhi alikuwa chumbani anapambwa.

Kisha akaja Mama Upendo, akasimama mlangoni kwa aibu. "Pole, mwanangu, nimesikia. Nisingekuja leo, ila kesho nina safari ya Lupaso. Ni zile bangili."

"Bangili gani, mama?"

Mama Upendo akatazama mkono wake.

Rukaiya akainama akazitazama. Alikuwa nazo mkononi tangu alfajiri. Ndizo zilizolia alipokuwa anachungulia dirishani, ndizo alizokuwa amezivaa alipomsimamisha mwenzake njiani akamwuliza hili la nani, lile la nani. Akazivua moja moja. Uso ulimwaka moto.

"Mama," akamwambia mama yake baada ya jirani kuondoka, "hata bangili?"

"Ulitaka wakuone mikono mitupu? Waseme tumekosa?"

"Kwa hiyo na sisi tulivaa vya watu."

"Sisi tuliazima!" mama akasema kwa ukali, kisha sauti ikamshuka. "Tuliomba, tukapewa."

"Hapo ndipo tofauti ilipo," Mzee Mahmudu akasema kutoka kochini. "Kijana hakuomba. Lakini kilichomtuma yeye ndicho kilichotutuma sisi. Mimi leo nimeona haya mara mbili, Mama Rukaiya. Mara ya pili ni hii."

Mama akafunika pilau. Akaanza kulia taratibu, na Rukaiya akaenda akakaa karibu yake.

Siku zikapita. Ashiru hakupiga simu, na Rukaiya hakujua kama anashukuru au anaumia. Jumamosi iliyofuata aliaga anakwenda Masasi kumsalimia mjomba. Baba yake alimtazama kidogo, akamwambia avae sweta.

Alimpata Ashiru kwa kuuliza. Kibanda cha dobi kilikuwa nyuma ya maduka, karibu na stendi, mlango wazi nusu. Rukaiya alitegemea kuziona zile nguo zote zimetundikwa, akawa amejiandaa kuzichukia. Akashtuka. Nyaya zilikuwa tupu. Meza ya pasi ilikuwa tupu. Nguo moja tu ilikuwa imeanikwa uani, shati la kahawia lililopauka mabegani, linachuruzika maji.

"Nani?" sauti ikauliza kutoka ndani.

"Mimi."

Kitu kikaanguka huko. "Usiingie! Rukaiya, nakuomba, usiingie."

"Kwa nini?"

"Sina shati."

Rukaiya akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mgongo umeelekea mlango. "Wateja wako wako wapi?"

"Nimewafuata mmoja mmoja. Nimewaambia." Aliongea kutoka nyuma ya mlango, polepole. "Karani alicheka, akasema shati lilinipendeza. Mwalimu wa ile kaunda suti alinitukana, akachukua na za mkewe. Wengine walichukua nguo bila kusema. Sijui kama watarudi. Amebaki mjomba wako. Kwake ndiyo nimeshindwa. Nilifika mpaka mlangoni jana, nikarudi."

"Na shati hilo?"

"Ndilo langu. Nalifua niende leo."

Rukaiya akatazama lile shati. Jua lilikuwa hafifu na upepo ulikuwa mwingi. "Ashiru," akasema, "nikwambie kitu. Bangili nilizovaa siku ile zilikuwa za jirani. Zulia lililolowa la jirani. Viti vya msikiti. Hata vikombe."

Mlango ukasogea kidogo, Ashiru akatokeza kichwa na bega moja lenye fulana. "Hata vikombe?"

"Hata vikombe. Ila sisi tuliomba."

"Ndiyo," akasema. "Ulikuwa na haki ya kuniuliza."

"Siku ile nilikuwa na haki. Leo sijaja kuuliza. Nasubiri shati likauke, twende wote."

Halikukauka vizuri. Walipofika kwa Mjomba Sultani kola ilikuwa bado mbichi, na Ashiru alikuwa anatetemeka, baridi na woga kwa pamoja. Mjomba alikuwa barazani, amevaa lile shati lake lisilo na kifungo. Pendo alipowaona akakimbilia ndani.

"Shikamoo, mzee," Ashiru akasema.

Sultani akalitazama shati lake. "Marahaba. Leo umevaa ya nani?"

"Yangu."

"Mbona imelowa?"

"Ninayo moja, mzee. Nilisema uongo kuhusu fundi. Uliniuliza vizuri nami nikakudanganya. Kuvaa koti lako ni kosa, lakini hilo la fundi ndilo linaloninyima usingizi. Nimekuja kukuomba radhi. Sikuja kwa posa."

Sultani akageuza uso pembeni. Macho yalikuwa yamelowa. "Furaha alikuwa anamwambia mtu usoni," akasema. "Angekuchamba wewe mpaka ukome, halafu angekupa chakula. Mimi sina moyo wake. Sijakusamehe bado."

"Ndiyo, mzee."

"Rukaiya. Unamtaka huyu?"

"Namtaka, mjomba."

"Kama alivyo?"

"Alivyo sijamjua bado. Leo ndiyo siku ya kwanza."

Rukaiya alikuwa amejiandaa kufukuzwa. Alikuwa ameshapanga machozi atakayolia njiani. Mjomba akakuna kidevu.

"Mwambie Mzee Sharifu aje tena msimu wa korosho ukiisha. Kabla ya hapo simtaki mtu aniletee habari ya mahari. Na wewe kijana, nguo zangu zitaendelea kuja kwako. Utazileta mwenyewe, kwa mkono, usimpe dereva. Nataka nikuone siku za kawaida."

Ashiru akachuchumaa palepale barazani, akafunika uso kwa mikono, akalia kwa sauti kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba. Sultani akashtuka kuliko wote, akamwita Pendo alete chai haraka.

Jioni ilipoanza kuingia Ashiru alimsindikiza stendi. Basi la Newala lilikuwa linanguruma, kondakta anaita. Rukaiya akaweka mguu kwenye ngazi, kisha akageuka.

"Ashiru, hivi wewe unapenda kula nini?"

Akamshangaa. "Ming'oko. Ile mizizi ya porini, ya kuchemsha, na chumvi tu. Kwa nini?"

"Na mama yako anaitwa nani kwa jina lake? Na nani alikufundisha kupiga pasi? Na kwenu Mnyambe mnalala vyumba vingapi?"

"Dada, unapanda hupandi?" kondakta akauliza.

Rukaiya akashusha mguu. Basi likaondoka na vumbi lake, naye akatafuta mahali pa kukaa kwenye benchi la abiria, akasogea kumpa nafasi.

"Litakuja jingine," akasema. "Anza na mama yako."